Pipa Lililofunikwa Kitenge

Kwa Mama yangu, Simbo.

Mama, mwakeye.

Nimekusalimu kwa Kiha chetu, nakuamkia na shikamoo, na leo nakuomba uipokee ukiwa umekaa kitako, si kama kwenye simu ambako unaitikia marahaba huku mkono umeshanyooka kumrudishia wifi Yasinta simu yake. Habari za hapo nyumbani? Mgongo unaendeleaje? Nasikia mvua imekolea, na ile njia ya kushukia kwetu najua sasa hivi ni utelezi mtupu. Mimi mzima. Nakohoa kidogo, ni baridi tu, usianze kuhangaika. Na kabla hujauliza, nimekula.

Wifi Yasinta, mke wa kaka yangu, wewe unayesoma picha za karatasi hizi, ahsante sana. Soma polepole na usiruke mahali hata ukiona aibu. Mama akisema inatosha, mwambie imebaki kidogo. Hata kama ni uongo, dhambi hiyo niandikie mimi.

Mama, kaka Zebedayo alinipigia wiki iliyopita akaniambia kwamba baada ya Krismasi migomba ya pombe inakatwa yote, shamba lipandwe michikichi. Alisema wewe mwenyewe ndiye uliyeamua. Mawese yana soko, miche inapatikana, na mchikichi hauhitaji mtu wa kuuinamia kila siku. Yote hayo ni kweli. Halafu akashusha sauti, akasema ulipoulizwa kwa nini, ulijibu kwamba mwenye mikono ya kazi ile alishaondoka. Kaka alipokata simu nilibaki nimeishika tu mkononi, chai ikapoa mbele yangu. Ndiyo maana naandika.

Mwenye mikono hiyo namjua, na najua aliondokaje. Siku ya kuniaga ulileta kibuyu chako kizuri, kile cha shingo ndefu, kimejaa pombe uliyoiandaa wiki nzima kwa ajili yangu. Wageni wamejaa sebuleni, mwalimu wangu wa zamani yupo, kina mama wa jumuiya wapo. Mimi na vyeti vyangu vya chuo cha kilimo nikasema mbele yao wote: "Mama, toa hiyo pombe nje, nyumba nzima inanuka, unanitia aibu." Uliibeba ukaenda nayo nyuma ya nyumba, ukarudi na kreti la soda. Asubuhi ulinisindikiza mpaka barabarani, ukasema haya, nenda salama. Miaka mitatu sasa unaniuliza tu kama nimekula.

Sijawahi kukuomba radhi. Nilidhani muda utanifanyia kazi hiyo, kumbe muda nao una shughuli zake. Nisamehe, Mama. Nisamehe kwa yale maneno, na nisamehe kwamba hata kuomba radhi kwenyewe nakufanya kwa mdomo wa mtu mwingine. Kwenye simu nimejaribu mara nyingi, naishia kukuuliza bei ya dagaa.

Sasa la pili, na hili huenda likakuchekesha. Niliwaambia nyote kwamba huku Ujerumani nafanya kazi kwenye kiwanda cha matunda. Matunda yapo, sikudanganya. Ila Mama, wanayageuza pombe. Mwanao aliyekataa pombe ya ndizi alipanda ndege akavuka bahari kwenda kupika pombe ya zabibu. Watu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mama nikajifanya sijasikia, ulimwengu ukanirudishia somo lilelile, tena kwa Kijerumani.

Mahali penyewe ni bonde. Chini unapita mto mpana, lakini si ziwa, ng'ambo unamwona hata mtu anayeanika nguo zake. Mashamba yamepanda mlimani kwenye mteremko ambao hata mbuzi wa kwetu wangejadiliana kwanza. Asubuhi za kuvuna ukungu hujaa bondeni mpaka mto unapotea kabisa, na sisi tulio juu tunabaki tunachuma zabibu ufukweni mwa maji meupe yasiyo na sauti. Kuna asubuhi nilisimama na mkasi mkononi nikawa nasikia injini za boti za dagaa zikirudi Kibirizi. Nilizisikia kweli, na watu wakiitana, na yule mama mwenye sauti nene anayegombana na wachukuzi. Nikangoja ukungu uondoke nione milima ya Kongo. Ulipoondoka, kulikuwa na treni ya mizigo inapita kando ya mto. Nilikaa muda mrefu nikiitazama, kwa sababu sikuwa na haraka ya kurudi huku.

Huwa inanitokea sana hiyo. Si kwamba nasikitika. Ni kama nchi mbili zimewekwa moja juu ya nyingine na ile ya chini inapenya. Nikikunja kona ya ghala naona kuta za mawe, na papo hapo naona ule upande wa jikoni kwako unakoanika majani ya migomba. Nimezoea, siku hizi naziacha zote mbili zipite.

Zabibu zetu huku ni nyeusi, ndogo, zimebanana kwenye kishada hata kidole hakipiti. Wanaziita pino nwaa. Ni zabibu za kudeka, Mama, sijawahi kuona. Ngozi yake nyembamba. Jua likizidi zinaungua, mvua ikizidi zinaoza, na baridi ikipiga mwezi wa nne machipukizi yanakufa yote. Zinataka nchi ya baridi halafu baridi yenyewe haziiwezi. Mwenye shamba ni mjane mmoja wa miaka sabini na kitu, namwita Bibi Greta. Ni mama wa maneno machache na mikono migumu, na anatembea mlimani kuliko sisi vijana. Kazi aliyonifundisha ameifundisha kwa kuonyesha, ukikosea anakuonyesha tena, hasemi kitu. Mwanzoni nilimwogopa. Baadaye nikagundua kwamba nimemzoea haraka mno, na sikutaka kujiuliza ananikumbusha nani.

Sasa nikueleze kosa langu, ambalo ni kosa la mtu wa Simbo kabisa.

Wenzetu hawa, zabibu zikishatolewa vijiti, hawaziachi zichachuke hapo hapo. Wanaziweka kwenye pipa kubwa la mbao lililo wazi juu, wanazitia baridi siku tano kwa barafu kavu, ile inayotoa moshi, ili maganda yatoe rangi polepole kabla uchachu haujaanza. Ngozi ni nyembamba, kwa hiyo rangi ni ya kubembeleza. Haya yote nimefundishwa, nimeyaandika kwenye daftari, na misimu miwili nimeyafanya bila kosa. Mwaka huu dada yake Bibi Greta akafariki mji wa mbali, katikati ya mavuno. Akaenda kuzika, akaniachia pipa moja niliangalie mwenyewe. Zilikuwa zabibu za kipande cha juu kabisa, kile kilichopandwa na mama yake mzazi. Hajawahi kumwachia mtu pipa hilo. Aliniambia barafu asubuhi, barafu jioni, kingine usiguse.

Siku ya kwanza nilifanya kama nilivyoambiwa. Siku ya pili asubuhi niliingia ghalani peke yangu, nikaweka sikio kwenye mbao kama unavyofanya wewe kwenye mtumbwi wako wa kukamulia ndizi. Sijui kwa nini nilifanya vile, sijawahi kufanya huku. Mama, kimya. Nikagusa, baridi kama maiti. Na wewe ulinifundisha tangu nina miaka sita kwamba pombe ikinyamaza siku ya pili imekufa, hiyo ni ya kumwaga. Ulinifundisha kwamba ni mtoto mchanga, inataka joto na inataka mtu karibu yake. Daftari lote likanitoka kichwani. Nilisikia sauti yako kabisa, ikiniuliza inakuwaje inakufa na mimi nimesimama.

Nikazoa barafu iliyobaki nikaitupa nje. Nikakimbia chumbani nikaleta blanketi zangu mbili na kile kitenge cha kijani ulichonifungia nguo wakati wa safari, nikalifunika pipa lote, nikakokota hita ya umeme kutoka ofisini nikaiweka pembeni. Kisha nikakaa chini, mgongo kwenye mbao, nikawa naimba zile nyimbo za kumenya ndizi. Nilikuwa na uchovu wa wiki mbili za mavuno. Usingizi ukanichukua hapo hapo mchana kweupe.

Nikakuota. Uliingia ghalani umejifunga khanga mbili, umebeba ungo wa mtama uliokaangwa, ule wa kutia kwenye pombe, unawaambia Wajerumani wapishe njia, nao wanapisha. Hukunitazama. Lakini ulipofika pale nilipokaa ulisogeza ungo kidogo, ukaniachia nafasi. Nilipoamka harufu ya mtama uliokaangwa ilikuwa puani, na ilikaa mpaka jioni. Sikutaka kupiga mswaki.

Kesho yake pipa lilianza kuongea. Kwanza tone moja moja, kisha ule mchemko mdogo wa uji unaotaka kuiva, na povu la zambarau likainua kitenge chako. Nilifurahi kama mwehu. Nilipiga kigelegele, peke yangu, ghalani, Ujerumani. Kigelegele kilipokwisha ndipo daftari likarudi kichwani, ukurasa kwa ukurasa.

Bibi Greta alifika saa nane mchana, siku moja kabla ya ile aliyosema, amevaa bado koti lake jeusi la msibani. Aliona hita. Aliona blanketi. Akainua ncha ya kitenge, akalitazama povu, akaishusha ile ncha taratibu kama alivyoikuta. Kisha akakaa kwenye kreti lililopinduliwa. Nilimweleza harakaharaka, maneno yananigongana, kwamba lilikuwa baridi, lilikuwa kimya, niliogopa. Nilijua nimefukuzwa. Ni zabibu za mama yake, na ametoka kumzika dada yake, na mimi ndiye niliyeaminiwa.

"Nani alikufundisha kufunika hivi?" akauliza.

Mama, kwenye fomu ile ya kwanza ya kuombea kazi niliandika kwamba mama yangu anauza matunda. Bibi Greta hasahau kitu. Kila mwaka huniuliza matunda ya mama yanaendeleaje, nami humjibu yanaendelea vizuri. Hata siku ile ningeweza kusema nimesoma kitabuni. Mdomo ulishafunguka kusema hivyo.

"Mama yangu," nikamwambia. "Mama yangu ni mpika pombe. Ndiyo kazi iliyonisomesha. Ni fundi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na mimi nilimwonea haya mbele za watu."

Nikalia. Nililia vibaya, na makamasi juu. Hakunibembeleza, si mtu wa hivyo, aliningoja tu nimalize. Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo linanizunguka. "Angekuwa yeye hapa sasa hivi, angefanya nini?"

Nikamwambia angenawa miguu akaingia kukanyaga, kama anavyokanyaga ndizi.

Basi akavua koti la msiba akalitundika kwenye msumari, akavua viatu, akavua soksi. Mama, ungeiona miguu ile, myeupe kama mihogo iliyomenywa. Tukanawa, tukaingia wote wawili, maganda yanatufika mapajani, ya moto kidogo, yanateleza. Tulikanyaga polepole tumeshikana mabega ili tusianguke. Humo ndani ya pipa ndimo alimoniambia habari za mama yake. Naye alikuwa akikanyaga kwa miguu, naye alikuwa akiweka sikio kwenye mbao. Aliacha siku binti yake, huyuhuyu Bibi Greta, alipotoka chuoni na vipima joto, akamcheka. Bibi Greta alisema mama yake aliishi miaka tisa baada ya hapo na hakuingia tena ghalani. Tuliendelea kukanyaga.

Siku kumi na moja nililihudumia pipa lile kwa njia yako. Hita alikataa, alisema hiyo si ya mama yeyote, lakini kitenge aliacha. Asubuhi na jioni niliingia, nikakanyaga maganda yaliyopanda juu, nikaweka sikio. Kulikuwa na saa nilizokaa humo ambazo sijui nilikuwa wapi. Mlangoni mwanga wa vuli ulikuwa unaingia wa njano, na mimi naona jua la jioni la upande wa ziwa, lile linaloingia mpaka jikoni kwako likafika kwenye mafiga. Nilikuwa naongea na wewe kwa Kiha. Nilikusimulia miaka mitatu yote. Kwenye simu sijawahi kuongea nawe hata dakika tano.

Sitakudanganya kwamba ilitoka pombe ya ajabu. Tulipoionja Bibi Greta aliinua glasi dirishani, akaigeuza geuza, na kweli rangi ilikuwa hafifu kama chai ya mgonjwa. Akanusa, akanusa tena. Akasema rangi imetutoroka, wanunuzi hawataikubali, haiwezi kutoka na jina la shamba. Itakaa nyumbani, ataikaribishia wageni wake mwenyewe. Kisha akasema iko hai. Akainywa yote, na yeye huwa anaonja na kutema. Mimi nilinusa nikaona shamba letu asubuhi baada ya mvua, majani ya mgomba yaliyoanguka na udongo. Sikumwambia, asingeielewa.

Hakunifukuza. Mwanzoni mwa mwezi huu alinipa mkataba wa kudumu nisaini kabla ya mwaka mpya. Siku nne baadaye ndipo kaka akapiga simu.

Nikwambie ukweli, barua hii si ya kwanza. Niliandika nyingine, karatasi tatu, kukuomba usikate migomba. Niliweka sababu zote. Kwamba ndizi zile za pombe zinaadimika, kwamba mimi sasa nimejifunza mambo, kwamba tungeweka kwenye chupa, tungebandika lebo, wageni wanaokuja kuangalia sokwe wangenunua. Niliposoma nilichoandika nikamsikia msichana yuleyule mwenye vyeti, yuko sebuleni, anamwelekeza mama yake. Nikaichana.

Shamba ni lako, Mama. Mgongo ni wako pia, na umeinama kwenye mtumbwi ule tangu sijazaliwa. Kama umechoka, kata. Kama michikichi ndiyo itakayokupumzisha, ipandwe, na Mungu aibariki. Sikuzuii na sina haki ya kukuzuia.

Mkataba sijausaini. Nimemwambia Bibi Greta kwamba naenda nyumbani kwanza, akaniambia niende, mizabibu imelala na haitanitafuta mpaka mwezi wa tatu. Nitafika wiki ya pili ya mwezi wa kwanza. Nikikuta migomba imesimama, nitakuomba unifundishe upya tangu kuchimba shimo la kuvundikia ndizi. Nikikuta imelala chini, nitashika jembe na kaka tuchimbe mashimo ya michikichi. Sirudi kwa ajili ya ndizi. Narudi kukaa na wewe, kama utanipa pa kukaa.

Nisalimie kaka Zebedayo, mwambie asante kwa kushusha sauti siku ile. Msalimie shangazi wa Ujiji muuza vitenge, na umwambie vya kwake havichuji hata vikiloa pombe. Mama mdogo wa Katonga, mwanika dagaa, mwambie namwota na dagaa wake. Na jirani yetu Mzee Ntahondi, ambaye nasikia bado anapita kuonja kidogo tu kabla jua halijapanda, mpe shikamoo yangu na umwonjeshe kidogo kwa niaba yangu.

Mimi mtoto wako wa mwisho na mkaidi kuliko wote, ninayekupenda,

Editha

Wifi, hapa usisome kwa sauti. Usimuulize amesemaje, na kama hajatamka neno usimtungie. Niambie kitu kimoja tu. Alikaa mpaka mwisho?